Kuiona Karthala kwa Macho Yangu

Daktari wa macho aliniambia nisishtuke, halafu akaniambia jambo la kushtusha. Nilikuwa nimetoka kuweka kidevu kwenye kimashine chao na kubonyeza kitufe kila nilipoona kinukta cha mwanga. Mie nilijua nimefaulu. Maisha yangu yote nimesahihisha mitihani ya watu, namjua aliyefaulu kwa kumtazama tu usoni. Kumbe vinukta vingine vilikuwa vinawaka pembeni na mie sina habari navyo. Akanipa karatasi: katikati peupe, pembeni peusi, na ule weusi unaingia ndani kutoka kila upande. Presha ya macho, akasema. Kilichopotea hakirudi. Atanipa dawa ya matone, nitie kila jioni bila kukosa, ili kilichobaki kisipotee haraka.

"Kitabaki muda gani?" nikamuuliza.

"Mama, tutaendelea kufuatilia."

Nimekuwa mwalimu miaka ishirini na mbili. Jibu la mtu asiyetaka kujibu nalijua hata akiliandika kwa mwandiko mzuri. Nikamshukuru, nikachukua dawa yangu, nikarudi zangu nyumbani Tabata, na njiani sikuwaza wajukuu ambao bado sijawapata, wala uzee, wala nani atanishika mkono. Niliwaza volkano.

Nafundisha jiografia kwenye sekondari moja huko Temeke. Kila mwaka lazima nichore volkano ubaoni, na naichora bila kutazama kitabu: mlima, shimo kileleni, bomba la katikati, tabaka za majivu na lava zilizolaliana, na mito inayoshuka kutoka juu kwenda kila upande. Lava naipaka chaki nyekundu. Wanafunzi wanaipenda sana picha hiyo, wanaikopi hadi wale wavivu wa nyuma. Na katika miaka yote hiyo, sijawahi kuona volkano hata moja. Kilimanjaro niliipita mara moja nikiwa kwenye basi, ikiwa imejifunika mawingu kuanzia kichwani hadi kiunoni, nikaona migomba tu. Mwaka juzi binti mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, ukiwa pale juu shimo linaonekanaje?" Nikamjibu kwa maneno ya kitabu. Akaandika. Niliona aibu siku ile na aibu ile sijaisahau.

Basi nikaamua. Nitasimama ukingoni mwa volkano iliyo hai, nitazame ndani, kabla ule weusi wa kwenye karatasi haujafika katikati. Sikutaka kingine chochote.

Nilipomwambia mume wangu, aliweka kikombe chini taratibu.

"Kwani picha hazipo? Simu yako imejaa picha."

"Picha nimewaonyesha watoto wa watu miaka ishirini na mbili. Nimechoka na picha."

"Na ukidondoka? Juzi hapa umegonga ndoo, iko katikati ya njia."

"Haikuwa katikati. Ilikuwa pembeni. Ingekuwa katikati ningeiona."

Hakucheka. Mume wangu ni mtu mzuri na alikuwa ameogopa, lakini alikuwa anaogopa kwa sauti ya juu na mie sipendi kupigiwa kelele. Aliyenisaidia ni wifi yangu, mdogo wake wa kike, anayekaa Temeke. Wifi anauza vitenge na mara kwa mara huvuka bahari kwenda navyo kisiwani Ngazija. Ndiye aliyesema, "Sasa wifi, ya nini kuhangaika na milima ya bara? Ngazija kisiwa chote ni volkano. Mlima wake, Karthala, unauona toka uwanja wa ndege, na watu wanatembea kwa miguu mpaka juu. Mie mwenyewe sijawahi kupanda, nilikuwa sioni sababu." Halafu akamgeukia kaka yake. "Na wewe kaka acha ubishi. Ukipanda ngazi za ghorofa mbili tu unapumzika katikati, utamwelekeza nani kuhusu milima?"

Kwa hiyo tukaanza mazoezi, mie na yeye, wanawake wawili tuliopita miaka arobaini na tano, wazito kiasi chetu. Wifi ni mwanachama wa jogging ya Temeke, vile vikundi vya asubuhi vinavyokimbia barabarani kwa nyimbo na tisheti za rangi moja. Wao tisheti zao ni za rangi ya chungwa, kali hata kwa macho mazima. Yeye huongoza mbele. Kwenye jogging anayeongoza ana kazi mbili: kuimbisha, na kuita hatari za njiani ili wa nyuma wasiumie. "Shimo kushoto!" anaita, na kundi zima linaitikia, "Tumeliona!" "Dimbwi!" "Tumeliona!" "Bodaboda!" "Tumeiona!" Nikawekwa nyuma yake moja kwa moja. Mwezi wa kwanza niliitikia kila kitu kwa sauti kubwa pamoja na wenzangu, halafu nikaingia kwenye dimbwi mpaka magotini.

Wifi akasimama, kundi likatupita likiimba.

"Wifi, ulisema umeliona."

"Nilikuwa naitikia tu."

"Acha uongo. Kuanzia leo usiitikie mpaka uwe umeliona kweli. Usipoitikia, mie nitasimama."

Ndivyo tulivyofanya. Yeye anaita, mie nageuza kichwa chote, chini, kushoto, kulia, mpaka kitu kile kinaingia kwenye ile sehemu yangu nyeupe ya katikati, ndipo naitikia. Mwanzoni tulikuwa tunachelewa mpaka wenzetu wanamaliza supu. Baadaye nikawa mwepesi.

Ila Temeke ni tambarare, na mlima haupandwi kwa tambarare. Tukatafuta ngazi. Siku za Jumapili, kabla watu hawajajaa, tulikuwa tunakwenda Manzese kwenye lile daraja la waenda kwa miguu, tunapanda upande huu, tunashuka upande ule, tunageuka, tunapanda tena. Mgongoni kila mtu na kilo tano za unga. Mama mmoja anayeuza vitumbua pale chini alituvumilia wiki tatu, ya nne akashindwa.

"Jamani, nyie kinamama mmepoteza nini huko juu?"

"Tunatafuta volkano," wifi akamjibu.

"Haya, mkiipata mniambie," akasema, akageuza kitumbua chake.

Likizo ya Juni tukaondoka. Ndege kutoka Dar ni saa moja na kitu, hata usingizi haukushiki vizuri. Tulipotua Ngazija nikaliona lile jabali lote mbele yangu, kichwa kiko mawinguni, na kando ya barabara mawe meusi yaliyoganda yametelemka mpaka baharini, mengine yamekunjamana kama uji uliokaukia kwenye sufuria. Nikamwomba dereva asimame. Nikashuka, nikaweka dole gumba langu kwenye kitundu kimoja cha jiwe. Lava. Niliyoipaka chaki nyekundu miaka yote ile, hiyo hapo, nyeusi, ina joto la jua na inakwaruza. Nilicheka peke yangu pale barabarani mpaka dereva akamuuliza wifi kama ni mgonjwa.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanaume wa umri wangu, mkavu, mwenye viatu vya plastiki ambavyo mie nisingevivaa hata kwenda bafuni. Aliwahi kukaa Zanzibar, Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kina wimbo wa kisiwani. Wifi akampachika cheo cha kamanda papo hapo. Jioni ile, kwenye nyumba ya wageni pale mjini Moroni, alitueleza safari: siku ya kwanza tunapanda kutwa nzima, tunalala karibu na juu kwenye hema, na siku ya pili alfajiri tunamalizia, tufike ukingoni jua likichomoza. "Lazima asubuhi," alisema. "Saa nne mawingu yanakuja, hamtaona kitu. Na maji. Kila mtu abebe lita sita."

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga, na nautaja wote, sipunguzi.

Asubuhi nikainua begi langu, likanishinda. Nikainua la wifi, hivyo hivyo. Nikaanza kutoa chupa. Moja, mbili, tatu, nikazipanga ukutani, kwake nikatoa vilevile. Tukabaki na lita tatu kila mtu.

"Wifi, kamanda alisema sita," wifi akasema.

"Kamanda ni mtu wa kubeba mizigo, anafikiria mizigo. Mlima wa volkano una mito inashuka kila upande. Mvua inanyesha juu kule, si unaona mawingu? Maji lazima yashuke. Tutachota njiani."

"Una uhakika?"

"Mwalimu nani hapa?"

Wifi akafunga begi lake, maana katika jambo hilo mwalimu kweli nilikuwa mie. Mwongozaji hakuona, alikuwa nje anafunga hema lake. Yeye alibeba dumu lake la lita tano, akadhani na sie tumebeba yetu.

Tukapanda. Kwanza mashamba ya ndizi na mikarafuu, baadaye msitu wenye unyevu, miti imevaa kuvu la kijani, na njia yenyewe ni mawe meusi makali yasiyotulia chini ya mguu. Mwongozaji mbele, wifi nyuma yake na tisheti yake ya chungwa, mie nyuma ya chungwa. "Jiwe!" "Nimeliona!" "Mzizi kulia!" Kichwa kinageuka, kinatafuta. "Nimeuona!" "Shimo!" Kimya. Wifi anasimama, haongei, anasubiri. "Nimeliona!" Mwongozaji alidhani ni wimbo. Ilipofika saa sita na yeye akawa anaitikia.

Nilikunywa maji bila hesabu. Na nilikuwa naangalia mto, nisidanganye. Saa mbili hatujavuka kijito hata kimoja, nikasema labda viko mbele. Saa tano hatujavuka, nikasema labda vinashuka upande wa pili wa mlima. Saa nane tumetoka msituni tukaingia kwenye vichaka, ardhi imekauka inatimua vumbi chini ya ukungu, na mie bado nasema moyoni labda. Mwalimu akishika kitabu, amekishika.

Saa kumi tukafika mahali pa kulala. Mwongozaji akawasha moto, akatoa mchele, akaniambia, "Dada, nipe maji yenu nipike."

"Tumebakiwa na chupa moja," nikasema. "Lakini nionyeshe mto uko upande gani, nitakwenda kuchota mwenyewe."

Akacheka. Alidhani natania. Aliponiona sicheki, akaacha. "Mto? Ngazija hakuna mto. Kisiwa kizima hakuna. Hili jiwe lina matundu, mvua ikinyesha linameza yote. Sie majumbani tunakinga maji ya mabati. Nilisema lita sita! Sikusema?"

"Ulisema."

"Sasa?"

Nilikaa chini juu ya begi langu, uso unawaka. Na kilichoniuma hakikuwa kitabu. Mie ni mtoto wa Newala, kule juu kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako mvua inanyesha ukadhani dunia inazama, na baada ya nusu saa huoni hata tope, mchanga umeyanywa yote. Mama yangu alikuwa anateremka bondeni na ndoo kila siku, mie nyuma yake na kidumu changu, na kupandisha ule mlima na maji kichwani ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza duniani. Ardhi inayomeza maji niliijua kabla sijajua kusoma. Halafu nikasoma, nikachora mito ubaoni miaka ishirini na mbili, na nilipofika mahali penyewe nikaamini chaki. Nilijichukia, nasema kweli. Na nilimwonea huruma wifi, midomo yake imekauka na hajanilaumu hata neno moja.

Mwongozaji akapima maji yote yaliyokuwepo, ya kwetu na ya kwake. "Yanatosha kunywa kidogo leo na kuteremka kesho asubuhi," akasema. "Ukingoni hatwendi. Kwenda na kurudi bila maji mtu anaanguka. Kesho tunateremka."

"Mie siteremki," nikasema.

"Dada, utarudi mwaka mwingine. Mlima hauhami."

"Mlima hauhami, ndiyo."

Wifi akaniangalia. "Mwambie," akasema, "au mie nimwambie." Sikuwa nimemwambia yule bwana habari za macho yangu, niliogopa atakataa kunipandisha. Basi nikamwambia, kwa kifupi, kama mtu anayesoma matokeo: nakuona wewe, simwoni wifi aliyekaa hapa ubavuni, mwaka jana ningemwona, mwaka kesho huenda na wewe nisikuone. Nataka kuona lile shimo. Basi.

Alikoroga moto kwa muda. Akauliza, "Kwa hiyo ule wimbo wa mawe si wimbo?"

"Siyo wimbo."

Akasema chini kidogo, nje ya njia, kuna tangi la wafuga ng'ombe. Kushuka na kupanda, kama mwendo wa saa nne kwa mtu anayejua. Atakwenda alfajiri kabisa na dumu lake. "Lakini alfajiri ndiyo wakati wenu wa kuona. Nikirudi itakuwa saa tatu. Tukifika juu, mawingu yamefika kabla yetu. Nakwambia sasa ili usije ukanilaumu."

"Sitakulaumu," nikamwambia. "Kachote."

Kulipopambazuka alikuwa ameshaondoka. Nikatoka kwenye hema nimejifunga vitenge viwili vya wifi, meno yanagongana, na mbingu ilikuwa safi kabisa, hakuna hata wingu moja, na juu yetu mlima umekaa wazi, kijivu, hadi mwisho wake. Njia ilionekana inapanda kwenye majivu. Mtu mwenye macho mazuri angeweza kuifuata. Mwendo wa saa mbili tu, alisema mwongozaji, kutoka pale hadi ukingoni.

Nikafunga viatu.

"Unakwenda wapi?" wifi akauliza.

"Juu. Anaweza kutufuata."

"Kaa chini."

"Wifi, angalia mbingu hiyo! Unaiona? Mawingu hayatanisubiri."

"Nimesema kaa chini! Njia siijui, wewe huioni, maji hatuna. Ukivunjika mguu huko nitamwambia nini kaka yangu? Kwamba ulikuwa unakimbizana na mawingu?" Alikuwa analia huku anafoka. Sijawahi kumwona hivyo. "Umeamua la maji peke yako, hili huamui peke yako."

Nikakaa. Tulikaa pale bega kwa bega, tunatazama mlima uliokuwa wazi saa moja, saa mbili, saa mbili na nusu. Ndizo saa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa, na nimesimamia mitihani ya taifa. Saa tatu kasoro wingu la kwanza likatokea upande wa bahari. Dogo. Nililiangalia linavyopanda, nikilitukana kimoyomoyo kwa maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua.

Mwongozaji akarudi akihema, dumu limejaa. Tulikunywa, tukajaza chupa, tukaondoka bila hata chai. Kwenye majivu unapanda hatua mbili unarudi moja. Magoti yakaniambia habari zao zote. Mashimo yalikuwa machache lakini mawe yanayobiringika mengi, na wifi, koo limemkauka, aliita kila moja. Mie niliitikia. Katikati ya njia ukungu ukatufunika, rangi ya chungwa ikawa ndiyo kitu pekee duniani. Hakuna aliyesema turudi. Nadhani waliogopa kuniambia.

Saa tano na kitu mwongozaji akasimama, akanishika begi kwa nyuma. "Hapa ndipo mwisho. Hatua tatu mbele hakuna kitu, ni hewa."

Nikatazama. Peupe. Upepo unatoka chini, una joto kidogo na harufu ya kiberiti. Nilikuwa nimefika ukingoni mwa volkano iliyo hai na nilichokiona ni ukungu.

"Tusubiri," nikasema.

"Mpaka saa saba," akasema mwongozaji. "Baada ya hapo tunashuka, au giza litatukuta msituni, na wewe huwezi kutembea gizani."

Tukaketi kwenye majivu, tumegeukia huko peupe. Wifi akanishika mkono. Saa sita. Saa sita na nusu. Mwongozaji akaanza kukaza kamba za begi. Nilijiambia, mie nimetoka Manzese na kilo tano za unga mgongoni, sisimami hapa mpaka nivutwe. Saa saba kasoro dakika chache, upepo ukageuka, mwongozaji akasema, "Dada, simama. Simama sasa hivi."

Ukungu ukapasuka kuanzia kushoto.

Macho yangu hayawezi kuona kitu kikubwa kwa mara moja. Naona kipande. Na kile kilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvitazama, kwa hiyo nikaamua nitakitazama kama ninavyosoma ubao: naanza kushoto juu, nashuka mpaka chini, nasogea kulia, napanda, bila kuruka. Nikaona ukuta, mrefu, umepangwa tabaka juu ya tabaka, nyeusi, kijivu, nyekundu iliyofifia, kila tabaka mlipuko mmoja. Nikashuka nao mpaka kwenye uwanda wa majivu ulio laini, wenye nyufa. Nikasogea. Katikati ya uwanda shimo lingine, limezama ndani zaidi, kingo zake zina manjano ya salfa. Nikashuka ndani ya hilo shimo kidogo kidogo, mpaka sakafu yake nyeusi, na pale pakatoka mvuke, kimya kabisa, unapanda kama wa chungu kinachochemka jikoni. Nilikuwa nalia, nafuta machozi kwa kitenge haraka haraka yasinizibie. Linaonekanaje? Binti yule aliuliza vizuri. Halifanani na picha yangu hata kidogo.

"Mungu wangu!" wifi akapiga kelele, amegeukia kulia. "Wifi! Kulia! Angalia kulia!"

Sikugeuka. Nilikuwa bado sijamaliza katikati, na nilijua nikirukaruka nitapoteza mstari wangu. Nikamaliza sakafu, nikaanza kupanda ukuta wa mbele, tabaka moja, mbili. Ndipo nikasogeza kichwa kulia, na kulia kulikuwa kumeshakuwa peupe.

Likafunga lote baada ya hapo. Tulisubiri dakika kumi nyingine ambazo mwongozaji alituongezea kwa huruma, na halikufunguka.

"Wifi," wifi akaanza, "kule kulia kulikuwa na..."

"Usiniambie."

"Nikueleze kidogo tu, ujue..."

"Usiniambie kitu! Upande ule ni wangu. Nitakuja kuuangalia mwenyewe, kwa macho yangu haya haya."

Alijua kama ninavyojua mie alichosema daktari. Akafunga mdomo. Tukashuka, yeye akiita mawe, mie nikiitikia, na kati ya jiwe na jiwe hakusema lolote.

Tangu siku ile sijakosa tone hata moja. Juzi daktari alinipima tena, akanipa karatasi nyingine, na sikuhitaji anieleze, weusi umesogea. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikampigia wifi. Nikamwambia hatungoji Juni, tunakwenda likizo fupi hii ya Septemba.

Nilisikia watu wanapatana bei ya vitenge nyuma yake.

"Niko tayari," akasema. "Na wala sijamsimulia mtu, wifi. Hata kaka hajui nilichokiona. Nimekuwekea."